Nesi na Askari Wake

Ti-ti-ti-ti-ti. Sauti ile bado ninayo masikioni. Ungeisikia bila kuona, ungesema kuna mtu yuko uani anaita kuku waje wale pumba. Kumbe ni Nesi, ameinama mbele ya mtoto mchanga aliyepakatwa na mama yake, sindano kaificha nyuma ya kiganja, anapiga ulimi, ti-ti-ti-ti-ti, na mtoto anaacha kurusha miguu, anamkodolea Nesi mdomo kutafuta hao kuku wako wapi. Hapo hapo kazi imekwisha. Kilio kinakuja baadaye, na kinakuja kwa mshangao kuliko maumivu, kama cha mtu aliyechomolewa simu huku anaelekezwa njia.

Nilikuwaga nakaa kwenye benchi la ile kliniki nikiwa nimembeba mdogo wangu, kwa sababu mama alikuwa sokoni na nazi zake na mie ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa naisikia sauti hiyo kuanzia mwanzo wa foleni mpaka zamu yetu. Nikajisemea, nikikua na mie nitakuwa mtu wa kuita kuku wasiokuwepo.

Sikuwa. Shule niliishia kidato cha pili, sasa hivi nasuka nywele saluni, hapa hapa Mbagala, na ndoto zangu zimehamia kwenye kufungua saluni yangu mwenyewe yenye kioo cha ukuta mzima. Kwa hiyo nitakayoyaandika hapa kuhusu mwili wa binadamu yapokee kama nilivyoyapokea mie, yaani kutoka mdomoni mwa Nesi, tena nusu nikiwa nimeelewa na nusu nimechanganyikiwa.

Jina lake siliandiki. Mtaani wenyewe waliolijua ni wachache. Mlango wake ulikuwa mlango wa Nesi, mbaazi zilizoota pembeni ni mbaazi za Nesi, na mtu akiumwa tumbo mchana watu hawasemi apelekwe wapi, wanasema tu, "Nesi yupo?"

Alikuwa mfupi, mwenye hatua za mtu mrefu. Ile saa yao ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini, aliivaa hata siku za mapumziko, hata juu ya dera. Alisema bila saa hiyo anajiona hajavaa. Alikuwa mkali wa mikono. Ukiingia kwake, kabla hujajibiwa shikamoo unaonyeshwa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. "Marahaba, nawa." Yalikuwa kama neno moja, marahabanawa. Lakini huyo huyo Nesi ungemkuta jioni kwenye kona ya wauza maembe mabichi, anakula embe la pilipili lililokatwa kwa kisu kilichokuwa kinafutwa kwenye aproni ya tangu asubuhi. Nikimwangalia anasema, "Usinitazame hivyo. Askari nao wanahitaji mazoezi."

Na kubwa kuliko yote, aliogopa sindano. Mtu aliyechoma watoto wa Mbagala mpaka watoto wale wakazaa, naye akawachoma watoto wao. Siku moja alitakiwa kuchomwa yeye, chanjo ya wafanyakazi, na mwenzake mmoja akatusimulia kwamba ilibidi ashikwe mkono, na aliyemshika ni mama aliyekuja na mtoto wake kliniki. Nilipomuuliza akacheka mpaka machozi. "Mwanangu, nikiwa nachoma mie, maumivu yanakwenda kwako. Nikichomwa, yanabaki kwangu. Sasa hapo hujaelewa nini?"

Askari ndio walikuwa somo lake. Sijui kama kwenye vyuo vya unesi wanafundishwa hivyo, au aliyatunga mwenyewe kwa sababu ya kuzungumza na wanawake kama mama yangu ambao hawana muda. Kwake yeye mwili ulikuwa mtaa. Ngozi ni ukuta. Kamasi ni gundi ya kunasia wavamizi mlangoni, ndiyo maana alichukia mtu kumkaripia mtoto kwa sababu ya kamasi. Tumboni kuna tindikali ya kuwaunguza waliopita na chakula. Na ndani kabisa, kwenye damu, wapo askari wanaopita mlango kwa mlango wakiuliza, "Wewe wa humu? Wewe wa humu?" Asiye wa humu anashughulikiwa.

Chanjo alitueleza hivi. Mwizi amekamatwa mtaa wa pili, amefungwa kamba mikono, hana nguvu. Anapitishwa mtaani kwetu mchana kweupe. Watu wanatoka milangoni, wanamtazama, wanaikariri sura. Siku nduguye akija mwenyewe na panga, hata kabla hajafika kwenye geti watu wameshapiga kelele. "Ndiyo hiyo sindano," anasema. "Nakuletea mwizi aliyefungwa kamba." Mama mmoja mgeni, ametoka Newala majuzi tu, akamkumbatia mtoto wake, akauliza, "Sasa unamwingizia mwanangu mwizi?" Benchi zima likacheka. Nesi hakucheka. Alikaa chini pembeni ya yule mama akaanza upya, na foleni ikasubiri.

Mie nilipokuwa na umri wa kama darasa la sita nilitokwa na jipu kwapani. Nesi akalikamua kwake, nikiwa nang'ata kanga. Usaha ulipotoka nikasema yuh, uchafu gani huu. Akanikata kauli.

"Usitukane. Hao ni marehemu."

"Marehemu gani?"

"Askari wako. Wamepigana na wadudu mpaka wakafa. Hicho unachokiita uchafu ni maiti za waliokufa kwa ajili yako."

Nikaangalia ile pamba. Nikaanza kulia, na sikulia kwa kuumwa. Nikamuuliza wanazikwa wapi. Nesi alinitazama kwa muda, nafikiri ndiyo siku aliyoamua kwamba mie ni mtu wa kukaa naye, akasema, "Hebu tutupe kwa adabu basi," na tukaifunga ile pamba kwenye gazeti vizuri kabla ya kwenda kuichoma. Mpaka leo watu wakisema usaha mie huwa nanyamaza kidogo.

Na mtoki, ule uvimbe unaojitokeza kwenye nyonga ukiwa umechomwa msumari mguuni. Mama yangu alikuwaga anausugua kwa mafuta ya moto ili urudi. Nesi akamwomba aache. "Hicho ni kituo cha polisi cha mguu," alisema. "Kimejaa kwa sababu kuna kazi. Unasugua kituo, mhalifu yuko kwenye kidonda! Safisha kidonda." Mama akasema sawa, na Nesi alipoondoka akasugua kidogo tu, kwa mazoea.

Nilikuwa na maswali yasiyoisha. Kama homa ni joto tunaloliwasha wenyewe ili wavamizi washindwe kukaa, mbona tunapewa dawa ya kuishusha? Akasema moto wa kumfukuzia nyuki ukizidi unaunguza nyumba. Kama askari wanamfukuza kila asiye wa humu, mama mjamzito inakuwaje, mtoto si ana damu ya baba yake? Hapo Nesi aligeuza chapati iliyokuwa kwenye kikaango. "Hilo," akasema, "mie mwenyewe linanishangaza. Wanaelezea, na nilisoma maelezo, lakini kila nikimwona mjamzito nashangaa upya." Nilimpenda kwa jibu lile. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima mwenye sare akisema anashangaa.

Lazima nieleze ya Baba Rama, kwa sababu bila hayo yaliyofuata hayaelezeki.

Baba Rama ni mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, fundi ujenzi. Siku moja alirudi kutoka saiti mchana, saa ambazo hajawahi kuonekana mtaani, amejaa vumbi la saruji mpaka nyusi, na ufunguo amepoteza. Akaamua kupita dirishani kwake. Vijana wa ulinzi shirikishi, wale ambao mchana wanakaa kijiweni na bodaboda zao, wakaona miguu inaning'inia dirishani. Mmoja akapiga kelele, mwizi! Basi. Walimvuta kwa miguu wakaanza kumpiga, mikanda, ndala, mateke, na yeye kila akifungua mdomo kusema mie ni Baba Rama anapigwa mdomoni.

Nesi alitoka ndani na sabuni mikononi. Akaingia katikati, akajilaza juu ya yule mtu. "Huyu ni wa humu! Wa humu! Tulieni, nyie, ni wa humu!" Wakatulia. Mmoja wao, aliyekuwa anapiga kuliko wote, alipoiona sura baada ya Nesi kuifuta vumbi kwa kanga, alikaa chini akashika kichwa, kwa sababu Baba Rama ndiye aliyemfundisha kupiga plasta. Hawakuwa vijana wabaya. Hao hao ndio walioifukuza mtaani kwetu mijizi ya kweli. Nesi aliwashona wawili siku hiyo, Baba Rama mdomo na kijana mmoja kidole alichojiumiza kwa kupiga, na hakuna aliyemsemea mwenzake neno.

Kuhusu saluni sasa. Nesi alikuwa adui wa mkorogo. Akija kusukwa anaanza kwenye shelfu ya Zai, bosi wangu, anainua kopo moja moja la krimu za kujichubua, anasoma kwa kuliweka mbali na macho. "Zai, mwanangu, huu ni ukuta unabomoa halafu unapaka rangi pale ulipobomoa." Zai anamjibu, "Nesi, wateja wenyewe ndio wanataka ukuta mweupe, mie ni duka tu." Wanacheka, Nesi anakaa kwenye kiti, mie nachambua nywele. Ndivyo ilivyokuwa, miaka.

Halafu siku moja akaingia na wekundu usoni. Mashavu mawili na juu ya pua, kama mtu aliyechorwa kipepeo. Na mwavuli, kiangazi, anga halina wingu. Zai alisimama mikono kiunoni.

"Haa! Nesi! Ukuta leo umeubomoa wewe?"

"Nibomoe nini, Zai, ni jua."

"Jua lina miaka hapa Mbagala, halijawahi kumchubua mtu pua peke yake! Sema tu ni kopo gani, sie wako."

Wateja wote walicheka, na Nesi akacheka nao, lakini mie niliyekuwa nyuma yake niliona shingo haikucheka. Nikaanza kuchana. Kitana kikaja na nywele. Nikachana kwa mkono, zikaja tena, fundo zima, kwa ulaini kama zilikuwa zimewekwa tu. Zai alikuwa anaangalia upande wetu. Nikazikunja kiganjani, nikazitia kwenye mfuko wa aproni, nikaendelea kusuka kwa kulegeza, huku nikiongea kwa sauti kuhusu saluni yangu itakavyokuwa na rangi ya zambarau.

"Somoe," Nesi akaninong'oneza, "nimeona ulichofanya."

"Sijafanya kitu, Nesi."

"Ahsante."

Ule mtaa ukawa na habari mbili za Nesi, zinazopingana. Kwanza, kaanza mkorogo uzeeni, kapata bwana. Pili, anajidai mtasha, mzungu asiyeguswa na jua. Ukweli ni kwamba vidole vilikuwa vimemvimba asubuhi haviwezi kufunga hata kile kibano cha saa, na uchovu ulikuwa unamlaza akiwa amevaa viatu. Alitibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Akatibiwa aleji. Ilichukua muda mpaka akapelekwa hospitali kubwa mjini, wakatoa damu (akiwa ameangalia ukutani, aliniambia) na wakampa jina la ugonjwa ambalo hakuna aliyekuwa amelisikia mtaani kwetu. Lupasi.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda barazani, amevua saa.

"Somoe, ni askari."

"Askari gani, Nesi, kuna mtu kakushtaki?"

"Wangu. Wa ndani." Akajigusa kifua. "Wananipiga mie mwenyewe. Ngozi, viungo. Daktari anaogopa watafika kwenye figo. Wamekwisha kuniona mie si wa humu."

Sikuelewa. Mie nilikuwa nimewapenda wale askari tangu siku ya jipu. Nikasema labda wamekosea vipimo. Akasema hapana. Nikasema labda kuna mdudu amejificha, wanamtafuta huyo. Akasema ndivyo alivyouliza na yeye, hakuna mdudu.

"Unamkumbuka Baba Rama dirishani?" akaniuliza. "Ndiyo mie hapa. Na wale vijana ndiyo hao. Si wabaya. Wanalinda. Lakini wanayempiga ni mwenye chumba."

"Sasa dawa yake nini? Kuwafukuza?"

"Kuwafukuza nitakufa kwa mafua. Napewa vidonge vya kuwatuliza. Wapunguze nguvu. Kingine eti ni cha ukoo wa dawa za malaria, usiniulize kwa nini."

"Na wakiwa wametulizwa, mwizi wa kweli akija?"

Nesi alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyejibu sawa swali lisilopendeza. "Hapo ndipo ninapoogopa," akasema.

Tangu siku hiyo mie na mtaa tulichanganyikiwa kwa namna mbalimbali. Vidonge vilimjaza mashavu, watu wakasema Nesi kanenepa, kumbe mambo yamemnyookea. Akaanza kuvaa barakoa mtu akija na kikohozi, wakasema anatuona sie wachafu. Na kwetu mtu akiumwa haachwi peke yake, watu wanakuja na mikeka na watoto wanaotoka kamasi, wanakaa mchana kutwa, ndiyo heshima yenyewe. Nesi hakuweza kumwambia mtu asije. Aliyekuwa anafokea mtaa mzima kuhusu mikono alishindwa kumwambia jirani mmoja, "Leo usiingie." Alikuwa anafungua madirisha yote, anakaa karibu na upepo, anatabasamu nyuma ya kitambaa.

Baya zaidi ni lile neno kinga. Mtu mmoja alisikia kwamba Nesi anapewa dawa za kushusha kinga, na Mbagala ukisema kinga imeshuka kila mtu anajua unasema nini. Sauti zikaanza kushuka akipita. Mama yangu akaniuliza jikoni, "Ndo ule ugonjwa? Niambie, mie simtangazi."

Nikamkimbilia Nesi nikiwa nimewaka. Nikamwambia simama barazani useme. Si unayo majibu? Nitakusanya watu mie mwenyewe.

"Nikisema nini?"

"Kwamba huna."

"Kina mama niliowahudumia wenye nao ni wangapi kwenye mtaa huu, Somoe? Wewe huwajui, mie nawajua. Nikisimama hapa nikaanza kuapa sina, sina, Mungu wangu sina, wao huko ndani wanasikia nini?"

Nilirudi nyumbani hasira zote zimenitoka na sijui zimekwenda wapi. Mpaka leo sijaamua kama alifanya sawa. Alibeba kitu kisicho chake ili wenye nacho wasijione wamebeba taka. Lakini kilikuwa kizito, na alikuwa mgonjwa. Mie ningesema. Nafikiri ningesema.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa muda mrefu ni hivi majuzi, Jumamosi, saluni ikiwa haina umeme. Mama alinipa chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyojaa kitu cha rangi ya matope. Alikuwa ameshinda nacho jikoni tangu asubuhi: tangawizi, vitunguu swaumu, majani ya mlonge, mizizi aliyoagiza kutoka Lindi ambayo jina lake alikataa kunitajia. "Mpelekee Nesi. Hii inaamsha kinga hata iwe imelala vipi. Mwambie asionje, anywe." Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Nikaichukua. Ungemwambia nini?

Nesi alikuwa amekaa kitandani, miguu kainyoosha. Nilinawa, nikamsalimia, nikaanza kumfungua nywele zile chache. Nikiwa nimepiga magoti kuokota kitana kilichoanguka, nikaiona miguu. Ilikuwa imevimba, inang'aa, na alama ya kamba ya ndala ilikuwa imezama kama imechorwa kwenye unga uliokandwa. Mwenyewe ndiye aliyewahi kutufundisha kwamba miguu ikivimba namna hiyo usipake kitu, uliza figo.

"Nesi. Unameza?"

Akaivutia miguu chini ya shuka.

"Nesi, vidonge unameza?"

"Nilikuwa nameza." Aliangalia dirishani. "Nimeacha. Si leo wala jana."

"Kwa nini?"

"Maisha yangu yote nimewaamsha askari, Somoe. Mtoto kwa mtoto. Ndiyo kazi niliyoifanya, sina nyingine. Sasa kila asubuhi nikae hapa niwanyweshe usingizi wa kwangu? Mkono unakataa. Nakiweka kidonge mdomoni, nakitoa."

Nilitaka kusema kitu cha akili. Sikuwa nacho. Mie ni msusi. Nilichokuwa nacho ni hofu tu kwamba mtu huyu ataondoka kwa ubishi. Nikauliza swali, kwa sababu kwake mie siku zote nilikuwa mtu wa maswali.

"Kwa hiyo mie nikipewa dawa na roho yangu ikaikataa, niache?"

"Roho ndiyo imesomea dawa?"

"Yule mama wa Newala angeikataa sindano kwa sababu mkono wake umekataa, ungemwacha?"

"Ningemwacha wapi! Ningekaa naye mpaka—"

"Na mtu akiacha dozi katikati kwa sababu hamwelewi daktari?"

"Dozi haiachwi, we mtoto! Huelewi, unarudi unauliza! Unauliza mpaka uelewe, lakini dozi unaendelea, ukitaka kuacha anakuachisha aliyekuanzishia, mara ngapi nimesema kwenye benchi lile—"

Akanyamaza mdomo wazi. Sauti ile ilikuwa ya kliniki, ile kubwa ya kufika mwisho wa foleni, na chumba kilikuwa kidogo. Tuliangaliana. Mie nililia kwanza. Yeye akaanza kucheka, kile kicheko cha kuhema, akajipiga paja. "Umenichoma," akasema. "Umenichoma sijaona sindano."

Hakumeza pale pale. Alisema vidonge vile ukishaviacha huvianzi kama pipi, lazima amuulize daktari, na miguu ile lazima ionekane leo leo. Akampigia simu mdogo wake wa Kinyerezi aje na gari ya jirani. Mie nikamfunga kilemba, nikamvalisha saa kifuani. Vidole vyake havikuweza kukibana kile kibano, nikakibana mie.

Wakati tunasubiri aliiona ile chupa. Akaomba, akaifungua, akanusa. Aliivuta harufu ile kwa muda mrefu kweli.

"Mama yako?"

"Ndiyo. Ya kuamsha."

"Anajua kupenda, mama yako." Akaifunga taratibu. "Usiiache hapa. Nikikaa nayo nitainywa, na mie sasa hivi nisiongezewe kitu cha kuwaamsha mpaka daktari akijue. Na usimrudishie imejaa. Itamuuma."

"Nimwage?"

Gari lilikuwa limefika, mdogo wake anapiga honi. Tulimtoa tukiwa tumemshika huku na huku, na Nesi akinikumbusha nifunge dirisha.

Sijui kama alivimeza vidonge alivyopewa upya. Yuko Kinyerezi, kwenye simu anasema anameza, na mie naamini siku nyingi na nyingine naamini kidogo. Sijui pia kama askari wake wametulia. Nikimuuliza anasema, "Na wao wanajiuliza."

Siku ile gari lilipoondoka nilibaki uani kwake peke yangu na ile chupa. Nikaenda mpaka kwenye mfereji, nikaifungua, nikaiinamisha. Nikayaona macho mekundu ya mama. Mkono ukakataa. Nikakaa kwenye jiwe la kufulia, nikaziba pua, nikaanza kunywa. Ilikuwa chungu, inaunguza, ina vipande. Nilipumzika mara nyingi. Jua lilikuwa limeanza kuelekea kwa akina Baba Rama nilipofika kwenye mashapo ya chini. Nikaichukua chupa, nikaitikisa, nikayamaliza na yale.